Kanga ya Kufutia Madirisha

Ukipenda sema nimezeeka, sema naota mchana. Wengi wamekwisha kusema, nami sina nguvu tena za kubishana. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho haya, jua likiwa utosini. Sikuwa mgonjwa, na tembo sijaonja maishani mwangu. Ndiyo yaliyoniondolea usingizi, na ndiyo yanayotaka kuniondolea mke. Wewe sikiliza tu, kuamini ni juu yako.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei, nami dereva wa meneja wa shamba moja la mkonge, Mzungu aliyekaa Raskazone, ufukweni. Alinunua gari la kukunja paa. Paa lenyewe turubai, na madirisha plastiki: la nyuma limeshonewa kwenye turubai, ya pembeni ya kubandika kwa vifungo. Kioo unaweza kukifuta hata kwa gazeti. Plastiki inadeka kama bibi harusi. Bahari inaleta chumvi, shamba linaleta vumbi, jua linapika, na baada ya muda mfupi ukitazama nje unaona ukungu mtupu. Ukiifuta kavu umeikwaruza, na mkwaruzo wa plastiki hauna dawa. Mafuta ya taa ndiyo kabisa, huigeuza njano. Lazima uimwagie maji baridi mengi mchanga utoke, upitishe povu la sabuni kwa kiganja, uisuuze, kisha uikaushe polepole kwa kitambaa laini kuliko vyote. Kila alfajiri kazi yangu ilikuwa hiyo, mgongo unaniuma, na bado bwana akasema akiona ukungu tena nitafute kazi kwingine.

Mke wangu Mize alinionea huruma. Tulikuwa tumeoana karibuni, tunakaa Chumbageni kwa shangazi yake, Bi Mwanaidi, aliyekuwa mwosha maiti za wanawake wa mtaa mzima. Asubuhi moja Mize akanipa kanga kuukuu, nyekundu yenye nakshi za korosho nyeusi, laini hata huisikii mkononi.

"Chukua hii, mume wangu. Imelala tu kwenye kikapu cha shangazi. Mwenzake wa doti sikumwona."

Wallahi, plastiki iling'aa siku ile kuliko ilipokuwa mpya. Bwana akatabasamu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nani aulizaye asili ya tambara?

Siku chache baadaye nikampeleka Mombasa, nikawa narudi peke yangu. Nimeshapita Horohoro, adhuhuri, mvua ikaanguka na huku jua linawaka. Nikasimama, nikapandisha paa, nikabandika madirisha ya pembeni. Nimo ndani nafuta ukungu wa pumzi zangu kwa ile kanga, nikasikia mtu anagonga plastiki kwa kidole.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu. Ndivyo tulivyolelewa, ulimi hutangulia. Walitufunza pia kwamba hodi ya mtu usiyemwona haiitikiwi mpaka ajitaje, lakini mtu aliyechoka hakumbuki yote.

Mlango haukufunguka. Nilipotazama kioo cha ndani, mama mtu mzima alikuwa keshaketi nyuma, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Umewahi kumwona mtu mzima wa kwetu akainyamazia shikamoo? Ndipo nikaiona kanga aliyojitanda: nyekundu, korosho nyeusi. Ilikuwa mwenzake wa tambara langu.

"Hawakunikausha vizuri, mwanangu," akasema. "Walikuwa na haraka. Nipe hiyo nijifute."

Nikampa bila kugeuka. Wewe ungefanyaje? Akaanza kujifuta mkono, taratibu, bila kukandamiza, kama nifutavyo mimi madirisha. Na kila alipofuta pakawa peupe. Nikaliona dirisha la nyuma kupitia mkono wake, na barabara kupitia dirisha. Akafuta shingo. Akafuta shavu. Pale uso ulipokuwa, nikawa naona matope na nyasi za njiani. Ulipobaki mdomo tu, ukaniuliza:

"Kakupa nani?"

"Mke wangu," nikasema, nami sijui kwa nini sikudanganya.

"Mpelekee. Naye atajifuta."

Akaufuta mdomo. Kanga ikabaki kitini, imelowa chapachapa.

Ningeitupa porini, najua, kila mtu huniambia hivyo. Siku ile nilichotaka ni kufika nyumbani tu. Mize akanipokea mlangoni, na kabla sijafungua kinywa akaichukua ile kanga mbichi, akaikamua, akaianika kambani. Bi Mwanaidi alipotoka akaiona, akashika kichwa.

"Lahaula! Hii nguo ya maiti niliyemwosha! Mwosha akipewa huivaa, au huitoa sadaka. Haifanywi tambara, wanangu!"

Alisoma dua mpaka sauti ikamkauka, kisha akaizika ile kanga nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumechelewa. Kesho yake Mize akasema mikono yake imelowa. Nikaishika, mikavu kabisa, nikacheka. Akajifuta kwa leso, akajifuta kwa gauni, akajifuta kwa shuka. Mchana mmoja alilala, mkono wake juu ya mkeka, nami nikaona ukili wa mkeka kupitia ukucha wake. Sikucheka tena.

Tumekunywa makombe ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, tumechinja sadaka, tumekwenda hospitali. Daktari kasema ni wasiwasi. Kilichobaki ni kumshika mikono asijifute. Udereva niliuacha, maana usukani unataka mikono. Zamani shangazi alinipokea zamu nikapata kulala kidogo. Sasa ni marehemu, na usiku najifunga na mke wangu kwa kitambaa, kiganja kwa kiganja, nikimwomba Mungu nisipitiwe na usingizi. Nimechoka, ndugu yangu. Nampenda, lakini nimechoka.

Wewe mwenye gari, ukitaka cha kufutia nunua kipya, au rarua shati lako mwenyewe. Usipokee tambara ambalo hujui lilimfunika nani. Na uniwie radhi siinuki kukuaga kwa mkono. Yangu yote miwili imemshika Mize, na nikimwachia ataanza kujifuta.