Sentensi ya Joséline

Mume wangu Révérien alifundisha Kiingereza miaka tisa katika shule ya kijiji chetu hapa Mishamo, makazi ya sisi wakimbizi wa Burundi, bila kuthibitishwa. Miaka tisa! Wenye vyeti vyao walikuja wakamkuta, wakahamishwa wakamwacha, yeye yupo palepale na jina la mwalimu wa muda. Kisa, cheti chake ni cha Burundi, cha Kifaransa. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kimoja cha sarufi kisicho na jalada, na aliyeumia ni mimi.

Maana alijifunzia nyumbani. Chumvi ikiisha kwetu, haiishi hivihivi kama kwa watu wengine. "We have already run out of salt," ananiambia, na mimi nimesimama na mwiko. Ananieleza kwamba run ni kukimbia, out ni nje, ukiyaunganisha maana yake kitu kimeisha. Give ni kutoa, up ni juu, ukiyaunganisha ni kukata tamaa. Nikamuuliza, juu na tamaa wapi na wapi? Akasema ndivyo Waingereza walivyo. Na hapo hujamaliza. Lazima utangulize has au have kuonyesha jambo limeshatendeka, halafu kuna kale kaneno ka kusema tayari, au sasa hivi, nako kana kiti chake, ukikakalisha pengine sentensi inachechemea. Nilitwanga mihogo yangu huku nimeyakariri yote hayo, na wala sikuomba kufundishwa.

Kwa watoto wa darasa la saba alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi mmoja mmoja anasimama, anasema jambo lililotokea kwao, kwa vitenzi vya namna hiyo, na yeye analiandika ubaoni. Sharti liwe la kweli. Mtoto akitunga, hata Kiingereza kikinyooka, anakalishwa. Alisema uongo unakaririwa tu, lakini ukweli lazima uutafutie maneno mwenyewe. Basi darasa lile lilijua baiskeli ya nani imeharibika na mbuzi wa nani katoroka. Nilimwambia, baba Aurélie, unawafundisha watoto umbea. Akacheka tu.

Agosti ya mwaka tisini na tatu ikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Mpanda kumtazama akifundisha. Akiridhika, Révérien anathibitishwa. Asiporidhika, basi tena, nafasi anapewa mwenye cheti na sisi tubaki na jembe. Wiki nzima mume wangu hakula akashiba.

Na mwaka huohuo, baada ya uchaguzi wa kule kwetu Burundi, kila nyumba ilikuwa inanong'ona habari za kurudi. Kurudi rasmi maana yake ujiandikishe na ukabidhi shamba. Kwa hiyo wengine waliona heri mtu mmoja atangulie kimyakimya, akachungulie kama ardhi ya baba yake ingalipo. Lakini kutoka kwenye makazi bila kibali ni kesi, na sote tuliamini ofisi ikijua umevuka mpaka, shamba lako la hapa anapewa mwingine. Jirani yetu Jean-Marie alikwenda hivyohivyo. Sisi majirani tukiulizwa tulijibu yuko porini kwenye mizinga yake ya nyuki.

Siku ya mkaguzi nilikuwa nje ya dirisha la darasa, nakoroga uji wa wanafunzi. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mpole, na miwani yake, akakaa nyuma. Ubaya ni kwamba hakuja peke yake. Ofisi ya makazi ilimpa karani wa kumsindikiza, Bartolomeo, yuleyule anayegonga mihuri ya vibali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini Burundi ni Burundi kwa lugha yoyote.

Watoto wanne wa kwanza walisema vizuri. Mkaguzi anaitikia kwa kichwa, anaandika. Kisha akasimama Joséline, binti wa Jean-Marie, mwenye akili kuliko wote. Akasema polepole, kila neno mahali pake: "My father has already gone back to Burundi."

Mkono wa Révérien ulikuwa umeshaiandika yote kabla kichwa chake hakijaisikia. Mwiko ukanisimama kwenye uji. Mtoto wa watu alitii tu alichofundishwa, akasema ukweli kwamba baba yake amesharudi Burundi.

Bartolomeo akanyanyua kichwa, akauliza kwa Kiswahili huyu baba yake yuko Burundi?

Révérien aliitazama ile sentensi. Miaka yote tisa hakuna mtoto aliyewahi kumletea iliyokamilika vile, na aliyekuja kuipima alikuwa amekaa palepale nyuma. Akachukua chaki, akaipiga alama ya kosa kutoka pembe hadi pembe.

"Amekosea," akasema. "Alitaka kusema baba yake ameenda porini kwenye mizinga."

"Mwalimu, nimekosea wapi?" Joséline akauliza.

"Kaa chini."

Bartolomeo akacheka, akasema Kiingereza kigumu bwana. Mkaguzi hakucheka. Walipotoka walikuja kwenye sufuria langu, na karani akiwa hapohapo na kikombe mkononi, mkaguzi akamuuliza Révérien ile sentensi ilikuwa na kosa gani. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayempa mtu nafasi ya pili. Révérien akasema ilikuwa makosa matupu mwanzo hadi mwisho. Mkaguzi akamtazama, akaandika.

Walipoondoka nilimwakia. Kwa nini hakumvuta mkaguzi pembeni akamweleza?

"Pembeni wapi, mama Aurélie?" akasema. "Hapa Mishamo kuna pembeni?"

Akaenda kumtafuta Joséline, akamwambia sentensi yake ilikuwa sahihi na asiirudie kwa mtu yeyote. Mtoto akalia.

Barua ilifika Septemba. Mwalimu huyu hatambui sentensi sahihi, hafai kufundisha Kiingereza, aache kazi mwisho wa mwezi. Révérien aliisoma mara moja, akanipa, akaenda kupalilia. Hasira ilibaki kwangu. Hasira usiyokuwa na wa kumtupia inachosha kuliko jembe.

Siku ya tatu nikasikia Jean-Marie amerudi. Nikaifunga barua kwenye pindo la kitenge, nikaenda kwake na maneno yangu nimeyapanga yote. Ajue ametugharimu nini. Nilimkuta kwenye kigoda, miguu imevimba, Joséline anamwosha vidonda. Kule alikuta mtu mwingine amejenga kwenye ardhi ya baba yake, na watu wakamwambia hawamjui. Akaniambia sasa hana kwake kwingine isipokuwa shamba hili la hapa.

Nikakaa kidogo, nikampa pole, nikaaga. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Mama Aurélie, mwalimu wetu wameshamthibitisha?"

Joséline akaacha kuosha, akanitazama.

"Bado," nikasema. "Tunasubiri barua."