Kanga Kumi na Mbili za Kijapani

"Kanga zangu za sandukuni, ukawavishe watoto wa watu wawe Majapani?"

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na mimi nimeshapiga magoti mbele ya sanduku lake, katika nyumba yetu ya Al-Safa. Nikamwambia nitazirudisha zimefuliwa na kupigwa pasi. "Na harufu ya udi, nayo utaipiga pasi?" Nikabeba kumi na mbili, nikatoka mbio kabla hajazihesabu.

Ilikuwa miaka ile ya mafuta, Jidda nzima inachimbwa misingi. Nilikuwa nikisomesha darasa la pili katika skuli ndogo ya watoto wa wageni, ndani ya jumba la kupanga kule Al-Hamra. Kila mwezi baba mmoja anashuka na mkataba wake wa kazi, na mtoto wake analetwa kwangu: Wapakistani, Walebanoni, Wasudani, na Wazanzibari wenzangu wawili watundu kupindukia. Kisha akaletwa msichana wa Kijapani wa miaka saba, baba yake fundi wa mitambo ya kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Miezi mitatu hakutoa neno. Si Kiingereza chetu cha darasani, si Kijapani, hata kulia hakulia. Wenzake wakamwita bubu. Niliwagombeza mpaka wakaacha, angalau mbele yangu.

Mwalimu mkuu, bibi wa Kisudani mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma, aliniita ofisini. "Binti, nakupa mpaka Ramadhani. Akiwa hajasema, nitamwambia baba yake amrudishe kwao. Hapa si mahala pake." Nilijua maana yake. Mama yake angeondoka naye, baba abaki peke yake na mitambo. Iliniuma sana, wallahi. Mimi mwenyewe nilitolewa Unguja na umri ule ule, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Nikaamua kusomesha Japani wiki nzima. Akiona kwao pamekuja darasani, nilijisemea, mdomo utafunguka wenyewe.

Kitu pekee cha Kijapani nilichokuwa nacho ni kalenda niliyopewa dukani nilipokwenda kununua feni. Ilikuwa na picha ya mwanamke uso mweupe pe, nywele zimepangwa juu, upepeo mkononi. "Bibi harusi!" watoto wakapiga kelele. Nami, kwa ujuzi wangu wote, nikasema naam, ni bibi harusi, na hapo amepakwa liwa usoni kama kwetu. Yule mtoto akaniangalia, kisha akainama akaendelea kuchonga penseli yake. Nikajua nimeboronga.

Jioni nikaufungua msahafu wa skuli, maana ndivyo tulivyokiita kile kitabu kinene cha maarifa ya dunia nzima, Mungu atusamehe. Asubuhi nikasimama mbele ya darasa nikakiri. "Jana nilikudanganyeni. Huyu si bibi harusi. Huyu ni geisha, na geisha ni fundi. Anaanza kujifunza angali msichana, miaka na miaka: kucheza, kuimba, kupiga ala ya nyuzi tatu, kumimina chai, kukaa, kusimama, kuzungumza na mgeni mpaka mgeni asahau uchovu wake."

"Anajifunza kukaa?" akauliza mmoja wa Wazanzibari wangu. "Mimi mbona najua?"

"Haya, kaa tukuone." Nikawapigisha magoti wote, makalio juu ya visigino, mgongo wima. Dakika mbili hazikufika, darasa zima linalia miguu. Tangu hapo walimheshimu geisha.

Wiki ile tulikunja makaratasi yakawa mapepeo, tukajifunza kupokea kikombe kwa mikono miwili na kukizungusha kidogo kabla ya kunywa. Mwalimu mkuu alikataa muziki, mafi musika kabisa, basi wakacheza kwa kuhesabu hatua kwa kunong'ona. Siku ya nne nikaleta kanga za mama. Nikawafunga mmoja mmoja kama kimono, upande wa kulia juu ya wa kushoto, ndivyo mkono wangu ulivyozoea, na mtandio kiunoni uwe mshipi. Walipendeza! Lakini nilipomfuata yule mtoto na upande wa kanga, aliusukuma. Nikajaribu tena, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilinuna, sikufichi. Kazi yote ile ni kwa ajili yako, we mtoto we, halafu unanisukuma?

Siku ya mwisho walikuja kina mama. Mama yangu alikaa mbele kulinda kanga zake. Mama wa Kijapani alikaa nyuma, abaya imemzidi, mkoba mapajani. Watoto kumi na mmoja wakaingia kwa hatua ndogondogo, mapepeo juu. Mama wa Kijapani akaziba mdomo kwa mkono. Nikafurahi, nikidhani amependezewa.

Hapo yule mtoto akainuka kwenye kona yake. Akaenda kwa wa kwanza, akamfungua mshipi, akaifungua kanga yote, akaanza kuikunja upya, kushoto juu ya kulia. Akaenda kwa wa pili. Nikamshika bega. Akanigeukia, macho makali, na kwa sauti kubwa ya Kiarabu cha dukani akasema:

"Abla, mafi kida! Hada mayit!"

Mwalimu, si hivyo! Huyu ni maiti!

Kumbe kwao, kulia juu ya kushoto huvishwa maiti. Siku mbili nzima nilikuwa nikiwavisha sanda watoto wa watu! Na Kiarabu chake, tuliambiwa baadaye, alikiokota kwa muuza duka wa Kiyemeni, alikokuwa akitumwa mikate kila alasiri.

Mama yangu, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaani kwetu, ndiye aliyecheka kwanza. "Ana adabu kukushinda! Kakuona unawazika wenzake, kakustahi mpaka leo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nililia na kucheka pamoja, huku mtoto akiendelea na kazi, anaamrisha: yalla, simama, geuka, halas, tayari. Mwisho akajifunga mwenyewe ile kanga ya kumi na mbili aliyoisukuma, akachukua upepeo, akaongoza mchezo. Mama yake alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, hayafuti.

Ramadhani ikaja ikapita, na mtoto yumo darasani. Siku moja mwalimu mkuu akachungulia mlangoni kwangu, kakunja uso.

"Binti, yule mtoto wako anasema mno. Sauti yake inafika ofisini."

"Mwache aseme," nikamjibu. "Mimi nilisema peke yangu miezi mitatu, na yeye akanivumilia."