Fundi Kesho na Hukumu ya Upande Mmoja

"Usiniambie kesho! Masijala ya mahakama inafungwa jioni hii, na utetezi wako hauonekani!"

"Nani kasema kesho, mama watoto? Nimesema tuutafute taratibu. Haraka haraka…"

"Haina baraka, najua! Na taratibu yako ndiyo iliyotaka kutulaza barabarani!"

Fundi makochi akainama, akachungulia chini ya meza. Jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Si kwamba kazi haijui. Kochi akilivika kitambaa yeye, hata panya hupangusa miguu kabla ya kupanda. Balaa ni ahadi zake. Kuna bibi harusi aliyeagiza kochi la sebuleni, na siku lilipofika, waliolipokea ni wajukuu zake. Ukibisha, kawaulize wajukuu.

Mazoea hayohayo ndiyo yaliyomponza. Jirani mwenye duka la rangi alimshtaki, akidai karakana imesimama kwenye kiwanja chake. Mpeleka samansi, ile hati ya kumwita mahakamani, alipofika, fundi alikuwa kaupa mlango mgongo, misumari midogo imemjaa kinywani, nyundo inalia. Akadhani ni mteja. Bila kugeuka, akanyoosha kidole kwenye rundo la vitambaa, akanguruma kwa pembe ya mdomo: "Weka hapo. Njoo kesho."

Yule akaweka, akaenda zake. Muda wa kujibu ukapita, fundi hana habari. Jirani akapewa hukumu ya upande mmoja, na fundi akaletewa amri ya kuhama. Siku hiyo aligeuka.

Mkewe ndiye aliyemkokota mpaka mbele ya hakimu kuomba hukumu itenguliwe. Hakimu akauliza kwa nini hakujibu madai. Fundi akasimulia ukweli mtupu, misumari yake na kesho yake. Karani alicheka mpaka miwani ikamtoka. Hakimu akakohoa, akaficha mdomo.

"Mahakama haipendi kumhukumu mtu ambaye haijamsikia," akasema. "Hukumu nimeitengua. Lete utetezi ndani ya muda, na ole wako uniambie kesho."

Fundi alitoka pale mwepesi kama pamba. Wapita njia iliwabidi wamshike shati asipeperuke.

Sasa leo ndiyo siku ya mwisho. Utetezi ulishaandikwa, sahihi imetiwa. Aliuweka mezani alfajiri, aupeleke akishamaliza mkono mmoja wa kochi. Mkono ukawa miwili, asubuhi ikawa mchana, karatasi haipo.

"Labda upepo," akasema.

"Upepo! Upepo nao una kesi na wewe?"

"Basi nisaidie kuinua hili kochi."

"Nikiinua nisiukute, nitakuinua wewe!"

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea tangu juzi, jasho linamtiririka, viatu kavishika mkononi. Fundi akavuta shati likae sawa. Mbele ya mkwe, hata hasira hukaa kitako.

"Mnagombania utetezi?" mama akauliza. "Tangu alfajiri namwona mkwe wangu anauzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaona nitazeeka mara ya pili. Nikauchukua, nikaupeleka mwenyewe."

Akatoa nakala iliyogongwa muhuri wa masijala, akaiweka mezani. Fundi akauinamia muhuri, akausoma mara mbili. Mkewe akaketi palepale sakafuni, miguu kainyoosha, akaangua kicheko.