Ilma Kangas na Barabara ya Nyuma ya Geti

Saa mbili asubuhi, karakana ya Ilma Kangas tayari inanuka mafuta na chuma. Ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, mnyororo wa msumeno umebanwa mezani mbele yake. Anaisukuma tupa mbele, anainyanyua, anaisukuma tena, bila haraka.

Mkata miti mmoja mwenye ndevu nyekundu anasubiri mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Dada Ilma, huu utakata kweli, au utaniaibisha tena?"

"Uliaibika kwa sababu uliupitisha kwenye jiwe. Kwani mimi ndiye niliyeliweka pale?"

Mteja anacheka. Kisha anauliza swali ambalo Kestila nzima inauliza Oktoba hii. "Na mwaka huu unaingia tena msituni na gari?"

"Naingia."

"Na Trudgeon je?"

"Trudgeon ana miguu yake. Atatembea."

Katika mji huu mdogo wa kaskazini mwa Michigan, mzaha huo hauhitaji maelezo. Novemba kumi na tano, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, shule hufungwa na kiwanda cha mbao hubaki na watu wachache. Kwa Ilma, mwenye miaka hamsini na saba, siku hiyo si mchezo. Mnyororo mmoja anaunoa kwa dola tisa, na mumewe Reuben anaoka mikate katika jiko la shule. Kulungu mmoja aliyenona ndiye nyama yao mpaka theluji iyeyuke.

Kabla ya kunoa misumeno ya wengine, alikuwa na msumeno wake mwenyewe. Alikata miti kwa miaka kumi na minane, mwanamke pekee katika kundi lake. Mchana mmoja wa Machi, mti uliokuwa umekwama juu ya mti mwingine uliachia na kumwangukia Ilma mgongoni.

"Nilimwambia mwenzangu anivue buti, linanibana," anakumbuka. "Akaniambia, 'Ilma, nimeshalivua.'"

Misimu minne ilipita akiwa ndani ya nyumba. Novemba ikifika, alikuwa akifungua redio kwa sauti kubwa asisikie milio ya bunduki. Kumtuma Reuben kuwinda halikuwa jambo la kufikiriwa.

"Huyu akijikata kidole jikoni," Ilma anasema, "mimi ndiye ninayefunga kidonda, na yeye ndiye anayelala sakafuni."

"Mara moja tu!" Reuben anapaza sauti kutoka chumba cha pili.

"Mara tatu."

Nje ya mji kuna geti la chuma, na nyuma yake ardhi ya umma ya kuwindia. Magari hayaruhusiwi, na kwa wanaotembea, utulivu huo ndio utamu wa mahali penyewe. Lakini asiyeweza kutembea anaweza kupewa kibali cha kufungua geti, kuendesha kwenye barabara ya zamani ya magogo, na kufyatua risasi kutoka kwenye gari lililosimama na kuzimwa. Haruhusiwi kutoka nje ya barabara.

Ilma alikikataa kibali hicho kwa muda mrefu. "Baba yangu alikuwa na jina la kuwaita watu wanaowinda wakiwa garini," anasema. "Halifai kuandikwa gazetini."

Alipokubali hatimaye, fundi mmoja alimbadilishia pikapu yake, breki na mafuta vikawa vya mkono. Asubuhi yake ya kwanza alipita geti kukiwa kumekucha tayari. Hakuwa amezima injini vizuri pale mwanamume mwenye kizibao cha rangi ya machungwa alipotokea dirishani, akihema. Alikuwa Merle Trudgeon, mpasua mbao wa kiwandani.

"We mama, unajua nimetoka nyumbani saa ngapi?"

"Mapema, naona."

"Nimetembea gizani mpaka jasho likaganda mgongoni. Kulungu watatu walikuwa wananijia, taratibu kabisa. Ukapita na hilo bati lako, wote wakayeyuka!"

"Nina kibali."

"Kulungu hawasomi vibali!"

"Matusi nilikuwa nayo, tena ya kutosha," Ilma anasema. "Lakini alichosema kilikuwa kweli. Mimi nami nimetembea gizani. Ningekuwa yeye, ningekasirika vilevile."

Trudgeon hakuishia hapo. Alizunguka mjini kutafuta waungaji mkono, akitaka geti lifungwe kwa kila chenye magurudumu.

Msimu uliofuata, Ilma aliingia mapema zaidi, Reuben akiwa kando yake. Dume kubwa lilitokea pembeni mwa barabara. Ilma alifyatua. Mnyama akaruka, akakimbilia kwenye kinamasi cha mierezi, mahali ambapo gari halingefika hata kama sheria ingeruhusu.

"Nilijua palepale nimempiga vibaya," anasema. "Nyuma ya mbavu. Mnyama wa namna hiyo anateseka muda mrefu."

Reuben aliteremka. Alifuata matone mekundu kwenye theluji mpaka akatapika, na alipoinua kichwa hakuyaona tena. Ilma alibaki garini akipiga honi ili mumewe asipotee. Sauti hiyo ndiyo iliyomleta Trudgeon, uso umekunjamana.

"Sasa ni honi tena?"

"Nimejeruhi dume. Limeingia kinamasini."

Trudgeon alimtazama. "Umelipiga wapi?"

"Nyuma ya mbavu."

Aliweka mfuko wake chini. "Mwite mumeo arudi. Tukilifukuza sasa litakwenda mbali. Tulipe muda lilale."

Reuben alirudi, wakangoja kwa muda mrefu. Kisha wanaume wawili wakaingia kinamasini, maji ya barafu yakiwafika magotini. Trudgeon ndiye aliyeliona, na ndiye aliyelimaliza.

Reuben anaisimulia safari ya kurudi kwa fahari kidogo. "Nilikuwa nimeshika pembe moja, naona nyota. Akaniambia, 'Kaka, kama unazimia, zimia ukiwa umeelekea barabarani. Siburuti wawili.'"

Ilma alimpa Trudgeon paja zima. Alikataa.

"Sijakufanyia wewe," alimwambia. "Nimemfanyia kulungu."

Masika yalipofika, ofisi ya misitu iliita mkutano katika ukumbi wa shule. Waliodhani yaliyotokea kinamasini yamemlainisha Trudgeon walikosea. Alisimama, akasema yaleyale: gari linafukuza wanyama, na wanaotembea ndio wanaoumia. Mtu mmoja wa nyuma alipodakia kwamba vilema wabaki nyumbani kwao, Trudgeon aligeuka. "Wewe nyamaza. Hujui unachosema."

Ndipo Ilma alipoomba kipaza sauti.

"Bwana Trudgeon amesema kweli kuhusu kelele," alianza. Akapendekeza wenye magari wawe wameshaingia kabla ya mwanga na wasisogee mpaka saa nne. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mumewe: pale barabara inapogawanyika, njia ya kusini iachiwe wanaotembea peke yao.

Njia ya kusini ndiyo inayokwenda kwenye kilima ambako baba yake alimfundisha kuwinda.

"Nilimshika mkono," Reuben anasema. "Nilidhani amechanganyikiwa."

"Ningedai vyote, ningekosa vyote," Ilma anasema, macho yakiwa kwenye tupa. Kisha anaongeza, "Sisemi haikuniuma. Usiku ule sikula."

Ofisi iliyakubali mapendekezo yake, na yanaanza kutumika msimu huu. Trudgeon, alipoulizwa kiwandani, alichagua maneno. "Sifurahii. Gari ni gari. Lakini aliyetoa kitu ni yule mama. Mimi sikutoa chochote."

Wiki iliyopita alifika kwenye karakana ya Ilma kwa mara ya kwanza, na msumeno mkononi. Ilma aliupitishia kidole, akaona ni mkali.

"Huu haujafika wakati wa kunolewa."

"Noa, dada. Noa tu."

Wakati tupa ikifanya kazi, Trudgeon alisimama akitazama dirishani, akamtajia mahali fulani katika njia ya kaskazini, mahali madume wakubwa wanapovukia barabara. Hapa Kestila, mtu hamtajii hata kaka yake mahali kama hapo. Alilipa, akaondoka bila kuaga.

Ilma ameomba mahali penyewe pasiandikwe hapa. Anapanga kuegesha pikapu huko tarehe kumi na tano kabla ya mwanga, Reuben akiwa na chupa ya kahawa na mfuko wa kutapikia.

"Ama ameniambia ukweli," anasema, akifuta mikono kwa kitambaa, "ama amenipeleka mahali ambapo hata sungura hapiti, ili nisimsumbue. Nimeamua kumwamini."