Nyota Iliyoonekana Chini ya Meza

Chekeni tu, maana aibu yenyewe sina pa kuificha: siku niliyokwenda Mbale kujitambulisha kwa wakwe niliishia chini ya meza, kwa magoti, suti mpya imelowa soda, na wa kulaumiwa ni mimi na maringo yangu.

Mimi ni sonara wa Nalufenya, Jinja, na pete ya mchumba wangu Nambozo niliitengeneza kwa mkono wangu: yakuti ya bluu yenye nyota ya miale sita inayotembea ukiigeuza (si uchawi, ndani ya jiwe mna vijisindano vya madini vyembamba kuliko unywele, vimepishana, ndivyo vinavyorudisha mwanga). Nilijisifu kwenye simu mpaka ukoo mzima ukawa unaisubiri nyota hiyo. Asubuhi nikaiacha tochi yangu ya kazi nyumbani, eti inavimbisha mfuko wa koti.

Basi, Mbale mawingu yametanda, na nyota ya namna hii hutaka taa moja kali, mwanga wa mawingu huifuta kabisa. Ndani ya hema la wageni, shangazi yake Nambozo, afande wa magereza, akaigeuza pete, akaigeuza tena.

"Kijana, nyota iko wapi? Mimi iko naona kifungo tu."

Hema zima likacheka, nami nikaona mke ananiponyoka, nikamwomba afande pete na simu yake yenye tochi, nikazama chini ya meza yenye kitambaa kirefu kutafuta giza, nikatambaa mbele, kichwa kikagonga goti la mtu, soda zikanimwagikia, pete na simu vikaniponyoka, na goti lilikuwa la mama mkwe (kwetu mama mkwe humkaribii, sembuse kumpiga kichwa).

Kisha sauti ya afande: "Bwana, hii jiwe ilichimbwa wapi?"

Ningeweza kudanganya, lakini kazi yangu naipenda. "Haikuchimbwa, afande. Imepikwa kiwandani, hata vijisindano vya nyota viliwekwa na watu."

"Kumbe ni feki?"

"Ni yakuti kamili, afande. Tofauti ni kwamba hii ina mpishi."

Hapo nikaona pembe ya kitambaa imeinuliwa. Pete ilikuwa imeangukia miguuni pa mama mkwe, tochi ikiimulika, miale sita imesimama wima. Mama mkwe hasemi na mkwe, kwa hiyo akamwambia afande:

"Mwambie huyo atoke. Pete aiache hapo hapo, bado naitazama."

Goti lile nimelitolea mbuzi wa faini, na naapa koti langu halitatoka tena nyumbani bila tochi. Lakini nilitoka chini ya ile meza nikitembea kama mwenye mji.