Mgeni wa Kila Jumapili

Katika shule yetu ya Butembo mimi ndiye ninayefundisha darasa la sita, yaani sixième, Kifaransa: kusoma kwa sauti, imla, insha, na kile tunachokiita élocution, yaani mtoto asimame mbele ya wenzake aeleze jambo mpaka lieleweke. Kitabu chetu kinapendekeza waeleze safari ya treni. Butembo haina treni. Basi huwaambia waeleze soko, nao wote huanza kwa kusema kwamba leo jua linawaka, hata kama mvua inapiga bati na hakuna anayesikia kitu. Nimewakataza. Wanaendelea.

Mwaka huo nilikuwa na msichana aliyetoka upande wa Kamango, baada ya watu wa kijiji chao kutawanyika kwa sababu ya vita. Aliishi kwa mama yake mdogo, ambaye huuza ndizi sokoni. Imla aliiandika vizuri kuliko mtoto wa mkurugenzi wetu, jambo ambalo sikulitangaza. Lakini ukimsimamisha aseme, alitazama ukuta mpaka ukuta wenyewe uone haya. Nilimngoja, nikambembeleza. Siku moja nilimkaripia, na hiyo haikusaidia chochote ila kuwafurahisha wavulana wa nyuma.

Mkurugenzi akaniita ofisini.

"Madame, huyu mutoto hajue Kifaransa. Arudie mu quatrième, darasa ya ine, na batoto badogo."

"Anajua, Directeur. Anaandikaka muzuri."

"Kuandika ni kitu ingine. Nitakuja vendredi ya juma ijayo kusikiliza. Kama haseme, anashuka."

Nilimtafuta mama yake mdogo sokoni. Alinisikiliza huku akipanga ndizi zake.

"Akishuka, njo mwisho ya masomo," akasema. "Sasa mutoto mukubwa vile atakaa na batoto ba quatrième? Atakuja tuuzishe ndizi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga siku yake. Nilirudi nyumbani na hasira, sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia mume wangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisa la Waprotestanti. Mimi ni Mkatoliki, lakini mdogo wangu ameolewa huko, na kwaya yake ilikuwa na sare mpya, kwa hiyo hapakuwa na udhuru. Kwa Waprotestanti wa kwetu mgeni hakai kimya. Kabla ya mahubiri mzee wa kanisa huwaita wageni wasimame, na kila mmoja husema ametoka wapi, hutoa salamu za kanisa lililomtuma, huomba anachoomba, kisha hukaa. Kanisa zima hujibu, "Tumepokea!" Nilisimama. Mimi, mwalimu wa kusema, nilisema Bwana asifiwe, nikasema natoka parokiani, nikaanza kufikiri kama kweli parokia imenituma, nikakaa. Walipokea hivyo hivyo.

Kisha, kwenye benchi la mbele, akasimama yule msichana.

"Bwana asifiwe. Niko mugeni. Ninatoka ku kanisa yetu ya kule Kamango. Sasa bamoja beko Oicha, bamoja Beni, bamoja Uganda, lakini sisi bote tunabasalimia. Tunaomba mutukumbuke mu maombi. Aksanti."

Sauti ilifika mpaka mlangoni.

"Huyu ametoka wapi na sauti hii?" nilimnong'oneza mdogo wangu.

"Yeye? Anasimamaka kila dimanche. Mwaka yote."

"Lakini anakaa hapa Butembo!"

"Tunajua, dada. Lakini nani atamwambia kama yeye si mugeni tena?"

Kumbe hakuna aliyemwambia. Kwa adabu tu, kanisa zima lilikuwa likipokea, kila Jumapili, salamu za kanisa lisilokuwa tena na mtu ndani. Nilitokwa na machozi. Mdogo wangu alifikiri ni kwa sababu ya kwaya, akafurahi.

Jumatatu niliwaambia watoto wafunge kitabu. Nikawafundisha salamu ya mgeni, kwa Kifaransa: sema u nani na umetoka wapi, leta habari, omba au shukuru, kaa. Ndio ule mwanzo, kati na mwisho ambao nimeuchora ubaoni miaka yote bila faida. Wiki nzima darasa lilijaa wageni. Kuna aliyeleta salamu za mbuzi wa kwao, nikazikubali kwa kuwa vitenzi vilikuwa sawa. Msichana aliendelea kutazama ukuta, lakini midomo ilikuwa ikicheza.

Ijumaa, ile vendredi yake, mkurugenzi alikuja akakaa nyuma kabisa. Nilijikaza, nikasema kwa sauti ya mzee wa kanisa:

"Bageni basimame, tubaone."

Mkurugenzi, ambaye ni shemasi wa kanisa jingine la Waprotestanti, akasimama. Nadhani miguu yake ilimtangulia. Kukaa tena kungekuwa aibu, basi akatuletea salamu za ofisi yake. "Tumepokea!" wakajibu watoto, kwa furaha isiyo ya lazima.

Kisha yule msichana akasimama. Kwa Kifaransa, polepole, akikosea mahali ambapo hata mimi hukosea, alisema ametoka wapi, wenzake wako wapi sasa, na kwamba wote wanatusalimu. Akaomba tuwakumbuke.

"Amina," akasema mkurugenzi. Kisha akakumbuka alipo, akakohoa.

Mlangoni aliniambia, "Abakie. Lakini ile si élocution ya mu kitabu."

"Hapana, Directeur."

Jumapili nilirudi kwa Waprotestanti bila kualikwa. Nilikuwa nimeamua kumwambia msichana, mimi mwenyewe, baada ya ibada, kwamba sasa yeye ni mwenyeji na anaweza kukaa wageni wanapoitwa. Mzee wa kanisa akawaita wageni. Msichana akasimama, kama kawaida yake.

"Bwana asifiwe. Ninatoka mu sixième. Tuko batoto bengi, na Madame yetu. Bote banabasalimia."

Kanisa likasita kidogo, maana walikuwa wamezoea Kamango. Kisha wakajibu, "Tumepokea!" Nami nikajibu pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa mgeni, nikipokea salamu ambazo sikuwa nimezituma.