Goti Lipi

Kila akiiwasha laptopu yake, karani wa chumba cha eksirei huigusa kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Tangu iunganishwe na skrini kubwa ya ukutani, laptopu huamka salama lakini picha hupotelea njiani. Asubuhi hii feni ya ndani yake ilivuma, joto lilipanda, skrini zote mbili zikabaki giza.

“Dada, goti lipi?” daktari wa upasuaji aliuliza mlangoni, ameshanawa mikono. “Mgonjwa kashalala. Si uliiona picha jana?”

“Niliiona. Subiri, daktari.”

Akachomoa waya wa skrini kubwa, akaizima laptopu, akaiwasha upya, kiganja juu yake. Neno “kushoto” lilikuwa limeshafika ulimini. Akalibana kwa meno. Picha ikatokea.

Lilikuwa la kulia.